Dola 40 za Goizueta na dola 400 za Romana

Oktoba 1960 mhandisi mmoja wa kemia aliondoka Havana pamoja na mke wake na watoto wao watatu. Waliaga kama watu wanaokwenda likizo Miami, na hawakurudi. Mfukoni alikuwa na dola 40, na katika benki moja ya New York kulikuwa na hisa 100 za Coca-Cola zenye jina lake. Mwaka 1981 Roberto Goizueta alikalia kiti cha juu kabisa cha kampuni hiyo. Alipofariki Oktoba 1997, thamani ya kampuni sokoni ilikuwa imepanda kutoka dola bilioni 4 hivi hadi karibu bilioni 150.

Mwaka 1949, huko Los Angeles, mama mmoja kijana aitwaye Romana Acosta alitoa akiba yake ya dola 400. Akasaidiana na shangazi yake kununua mashine ya tortila, zile chapati nyembamba za mahindi ambazo Mmeksiko hawezi kukaa mezani bila kuziona, na kinu cha kusagia. Kiwanda hicho kidogo kilikua kikawa Ramona's Mexican Food Products, jina lililokuja kujulikana katika maduka mengi ya California.

Ukihesabu noti tu, Romana alianza na mara kumi ya alichokuwa nacho Goizueta. Lakini sidhani kama kuna mtu aliyewahi kufanya biashara atakayekubali hesabu hiyo. Goizueta alitoka katika ukoo uliokuwa na kiwanda cha sukari. Alisoma Yale, alikuwa tayari mwajiriwa wa Coca-Cola Cuba tangu 1954, na baba yake ndiye aliyemkopesha fedha za kununua zile hisa. Alipovuka bahari, kazi ilimfuata. Zile dola 40 zilikuwa nauli ya teksi tu, mtaji wake ulikuwa kichwani mwake na katika kumbukumbu za watu waliomfahamu. Romana alikuwa na dola 400 na hakuna aliyemjua.

Ninaanza na hawa wawili kwa sababu habari nyingi zinazoandikwa kuhusu wafanyabiashara Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Meksiko, Cuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, hupenda kusimulia mtu aliyefika na vijisenti na kuishia na mamilioni. Ni habari tamu, lakini inaficha swali ambalo mfanyabiashara yeyote hulijua: nani alikukopesha, na kwa nini alikuamini?

Maisha ya Romana yanastahili kusimuliwa kwa kirefu. Alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa migodi uitwao Miami, ulioko Arizona na si ule wa Florida. Alikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Katika miaka ya 1930, mdororo mkubwa wa uchumi ulipobana, mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Meksiko walirudishwa Meksiko, wengine kwa nguvu na wengine kwa vitisho, na wengi wao walikuwa raia kama yeye. Familia yake ilikuwa miongoni mwao. Alikulia shambani upande wa pili wa mpaka, akimwona mama yake akiamka alfajiri kupika empanada, aina ya sambusa, za kuuza. Aliolewa akiwa binti wa miaka 16, akaachika akiwa na watoto wawili, na kabla hajafikisha miaka 20 akarudi katika nchi aliyozaliwa. Alifika Los Angeles akiwa na dola 7, akaosha vyombo, akatengeneza tortila kwa mishahara ya watu wengine, akaweka akiba. Hizo ndizo zile dola 400.

Kilichonivutia zaidi ni alichofanya baada ya kufanikiwa. Mwaka 1964 aliungana na wenzake kuanzisha benki, Pan American National Bank, Mashariki mwa Los Angeles. Mtaa ule ulikuwa na maelfu ya Wameksiko wenye kazi, maduka, karakana na mishahara, lakini benki kubwa ziliwatazama kama watu wasio na historia ya mikopo. Romana alijua hasara hiyo kwa sababu alikuwa ameipitia. Jengo la benki lilipambwa kwa michoro ya vigae ya msanii wa Meksiko José Reyes Meza, ili mtu anayeingia kuomba mkopo aone habari za watu wake ukutani kabla hajafika dirishani. Wengine wataona pambo tu. Mimi naona mtu aliyeelewa kwamba mlango wa benki una namna yake ya kumwambia mgeni aingie au aende zake.

Septemba 1971 Rais Nixon alimteua kuwa Mweka Hazina wa Marekani. Hakuna Mlatino aliyewahi kushika cheo hicho kabla yake, na saini yake ilikuja kuchapwa kwenye noti za dola. Binti aliyefukuzwa nchini akiwa mtoto, sasa hakuna noti mpya iliyotoka bila jina lake. Wiki chache tu baada ya uteuzi, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda chake na kukamata makumi ya wafanyakazi wasio na vibali. Seneti ilimthibitisha hata hivyo. Siwezi kulipita tukio hilo haraka ili kumtunzia heshima yake. Mwajiri anayewatumia watu wasio na vibali hununua kazi yao kwa bei ya hofu, na aliyewahi kufukuzwa ndiye aliyepaswa kuijua bei hiyo kuliko wengine. Bado naona yale yote yanakaa ndani ya mtu mmoja: aliyejenga mlango kwa ajili ya watu wake, na aliyefaidika na wale waliobaki nje ya mlango.

Sasa tuje kwenye takwimu inayotajwa kila mkutano. Shirika la Latino Donor Collaborative hutoa kila mwaka ripoti ya pato la Walatino wa Marekani, na kwa mwaka 2023 lilikadiria dola trilioni 4.1. Wanasema kama Walatino wangekuwa nchi, uchumi wao ungekuwa wa tano duniani. Ninaelewa kwa nini kauli hiyo inapendwa. Inamjibu kila anayewaita mzigo, na kwa hilo ina kazi nzuri. Lakini Walatino si nchi, na tofauti yenyewe ndiyo kiini cha mambo. Nchi ina benki kuu, ina sheria zake, inaamua nani aingie na nani atoke. Watu milioni 65 waliotawanyika ndani ya uchumi wa wengine wanazalisha na kutumia, lakini uamuzi wa mtaji uende wapi haumo mikononi mwao.

Pato hupima jasho la mwaka mmoja. Ukitaka kujua nani ana nguvu, uliza nani anamiliki. Takwimu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha kaya ya katikati ya Wazungu ilikuwa na utajiri wa dola 285,000 hivi, na ya Walatino dola 62,000 hivi. Kisha panda ngazi. Walatino ni karibu mmoja kati ya kila Wamarekani watano. Katika kampuni zenye wafanyakazi wa kuajiriwa, wanamiliki karibu asilimia 8. Katika viti vya bodi za kampuni 500 kubwa zaidi, mwaka 2022 hawakufika asilimia 5. Kadiri unavyokaribia mahali fedha inapoamuliwa, ndivyo wanavyopungua.

Wapo wanaosema ni suala la muda, au la elimu, au la bidii. Mimi napenda kuwapeleka Miami, maana Miami ndiko lilikofanyika jaribio ambalo hakuna aliyelipanga.

Wacuba waliokimbia mapinduzi ya Castro walipofika huko miaka ya mwanzo ya 1960, wengi wao walikuwa wafanyabiashara walionyang'anywa kila kitu. Hawakuwa na nyumba ya kuweka rehani wala mdhamini. Katikati ya muongo ule, benki ndogo kadhaa za Miami zilianza kutoa mikopo ambayo haikudai dhamana. Republic National Bank ilikuwa mojawapo, na jina linalohusishwa zaidi na mikopo hiyo ni la Luis Botifoll, aliyekuwa mhariri wa gazeti Havana kabla ya uhamisho. Utaratibu ulikuwa huu: ofisa wa mikopo mwenyewe ni Mcuba. Anakuja mtu anasema, nilikuwa na duka la viatu Havana. Ofisa analijua duka, au anamjua anayelijua. Anajua kama mtu yule alikuwa akilipa wauzaji wake kwa wakati. Anaandika mkopo. Dhamana ni jina.

Waliorejesha walikuwa wengi, na kutokana na mikopo hiyo kukaota maduka, karakana, kampuni za ujenzi, na baadaye utajiri mkubwa uliobadilisha sura ya mji mzima. Juu ya hayo serikali kuu iliwasaidia: ulikuwapo mpango maalumu wa wakimbizi wa Cuba tangu 1961, na sheria ya mwaka 1966 iliwapa njia nyepesi ya kupata ukaazi wa kudumu. Walikuwa na karatasi, na walikuwa na mtu benki aliyewajua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikopo ile ilikwisha. Sababu inafundisha kuliko mikopo yenyewe. Wacuba waliokuwa wakifika sasa hawakuwa wamiliki wa maduka; walikuwa wafanyakazi, makarani, watu wa kawaida. Yule ofisa wa mikopo, Mcuba mwenzao, hakuwa na cha kukumbuka juu yao. Mwaka 1980 watu wapatao 125,000 walipovuka kutoka bandari ya Mariel, walikuta Wacuba wenzao matajiri lakini dirisha lile limeshafungwa. Lugha ni moja, kisiwa ni kimoja, bidii hiyohiyo. Kilichokosekana ni kujulikana.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wacuba walifanikiwa kuliko Wameksiko kwa sababu ya tabia zao, namwambia atazame Wacuba wenyewe kwa wenyewe.

Wasio na dirisha walijitengenezea la kwao. Wameksiko huliita tanda, Wadominika huliita san, Waguatemala na Wasalvador huliita cuchubal. Sisi tunaliita upatu, na hakuna haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili unavyochezwa: kila mmoja anatoa fungu lake, mmoja anabeba chungu chote, kisha zamu inahamia kwa mwingine. Maelfu ya mikokoteni ya chakula, saluni na magari ya kubebea vifaa vya bustani pale Marekani yalinunuliwa kwa njia hiyo. Kasoro yake ni kwamba mama anaweza kulipa tanda miaka 15 bila kukosa hata wiki moja, na kwa benki bado ni mtu ambaye hajawahi kukopa wala kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huko San Francisco, José Quiñonez na shirika lake la Mission Asset Fund walifanya jambo jepesi la kushangaza: waliuwekea upatu daftari. Kila malipo yanaripotiwa kwa taasisi zinazotunza rekodi za mikopo, na mtu anaanza kuonekana. Mwaka 2014 California iliutambua utaratibu huo kwa sheria. Katika yote niliyosoma kuhusu suala hili, hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu halikuwafundisha watu tabia mpya. Liliandika tabia waliyokuwa nayo.

Wengine walisaidiwa na nyumba. Linda Alvarado, mzaliwa wa New Mexico, alipotaka kuanzisha kampuni ya ujenzi mwaka 1976, benki zilimkataa moja baada ya nyingine. Wazazi wake waliweka nyumba yao rehani wakampa dola 2,500. Kampuni yake ilijenga majengo makubwa Denver, na yeye akawa mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya Colorado Rockies. Lakini fikiria mtoto wa wapangaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wanaofuatilia biashara za Walatino waliripoti mwaka 2020 kwamba uwezekano wao wa kukubaliwa mkopo na benki za kitaifa ulikuwa chini kwa asilimia 60 kuliko wa wenye biashara Wazungu, hata baada ya kulinganisha hali za biashara zenyewe. Hapo hoja ya bidii inakosa pa kusimama.

Kuhusu vigogo wa makampuni nisikae sana. Oscar Munoz, mtoto kutoka familia ya Wameksiko yenye watoto tisa, aliiongoza United Airlines kuanzia 2015, akapata mshtuko wa moyo mwezi uliofuata, akapandikizwa moyo mwingine na kurudi kazini. Geisha Williams aliyezaliwa Cuba alikuwa mwanamke wa kwanza Mlatino kuongoza kampuni katika orodha ya zile 500, alipokabidhiwa kampuni ya umeme ya PG&E mwaka 2017. Kabla ya miaka miwili kwisha California iliungua, moto wa Camp Fire ukaua watu 85, vyanzo vikafuatiliwa hadi nyaya za kampuni, na Januari 2019 akaondoka kampuni ikielekea kufilisika. Miundombinu ile ilikuwa imechakaa muda mrefu kabla yake, ingawa aliyekuwa juu wakati wa moto hawezi kukwepa lawama. Ninachosema ni kwamba kiti kimoja kimoja hakibadilishi nani anakopeshwa mtaani.

Wala tusidhani kuna kitu kimoja kinachoitwa sauti ya Walatino. Serikali ndiyo iliyowatia wote katika kapu moja: sheria ya mwaka 1976 iliagiza takwimu zao zikusanywe, na sensa ya 1980 ikauliza kila mtu. Mfanyabiashara aliyewaelewa kuliko sensa ni yule aliyewauzia maharage. Prudencio Unanue, Mhispania aliyepitia Puerto Rico, alianzisha kampuni ya vyakula ya Goya huko Manhattan mwaka 1936 baada ya kulinunua jina hilo kwa dola moja. Kampuni yake ilikua kwa kujua kwamba Mcuba anataka maharage meusi na Mpuertoriko anataka gandules, ambazo ni mbaazi hizihizi tunazopika kwa nazi, na ukimletea mmoja ya mwenzake yatabaki rafuni. Julai 2020 mkuu wa kampuni hiyo, Robert Unanue, alimsifu Trump hadharani Ikulu. Wateja wengi walitangaza kuisusia, wengine wakanunua zaidi kumuunga mkono. Miongo kadhaa kabla ya hapo, Jorge Mas Canosa wa Miami alitumia utajiri wake wa kampuni za ujenzi kushawishi sera ya Marekani kuhusu Cuba kuliko mabalozi wengi. Ushawishi wa namna hiyo ni wa kweli, lakini ulikuwa wa Wacuba wa tabaka fulani wenye lengo moja, na muuza matunda Mmeksiko wa Los Angeles hakupata chochote kutoka humo.

Muuza matunda huyo ndiye ninayemfikiria ninaposoma habari za 2025. Juni operesheni za uhamiaji zilianza Los Angeles, Septemba zikafika Chicago. Mtaa wa 26 katika eneo la Little Village, ambao kwa miaka mingi umesifiwa kuwa miongoni mwa njia za maduka zinazoiingizia Chicago kodi nyingi zaidi, ulikauka wateja. Wenye maduka ya nguo za harusi, mikate na vyakula walikaa na bidhaa zao huku wateja wakijifungia ndani, hata wenye vibali. Miaka 90 baada ya familia ya Romana kufukuzwa, karatasi ya ukaazi bado ni sehemu ya mtaji, na ndiyo sehemu inayoweza kutwaliwa kwa siku moja. Hakuna benki itakayomkopesha kwa miaka kumi mtu ambaye haijui kama atakuwapo mwezi ujao, wala hata mwenye duka halali ambaye wateja wake ni watu hao. Wanaohutubia kuhusu trilioni 4.1 huku wakinyamazia hilo wanajisifia mavuno huku shamba likiungua.

Jambo lingine limepita kimya zaidi. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya Marekani kuanzia 1 Januari 2026. Mwaka 2024 Meksiko peke yake ilipokea karibu dola bilioni 65 kutoka kwa watu wake walioko nje, nyingi mno zikitoka Marekani, kwa hiyo huko ndiko macho ya wengi yalikoelekea. Lakini soma sharti lake: inatozwa kwa anayetuma kwa fedha taslimu au hundi za kununua dirishani. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi yake hatozwi.

Wakongomani wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi kwa wingi Kentucky, Texas na Arizona, na Wakenya na Watanzania hawakosekani huko. Jioni ya siku ya mshahara wanapanga foleni moja na Mguatemala anayefyeka bustani, mbele ya dirisha lilelile la kutuma fedha. Anayelipa ile asilimia moja ni yule ambaye benki haijamjua bado.